Ngoma, Unga na Mfereji wa Namakwekwe

Jumatatu, 20 Julai

Siku njema. Naandika kwa Kiswahili ili Mama Sharifah asielewe. Yeye ndiye mwenye nyumba wangu hapa Malukhu, mjini Mbale, na huingia chumbani mwangu kuangalia kama paa linavuja, hata wakati wa jua kali. Kiswahili anakiogopa. Anasema ni lugha ya askari wanaotaka kuku wako. Mimi nilizaliwa kambini Jinja, marehemu baba alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi, kwa hiyo lugha hii sina hofu nayo.

Leo mwalimu mkuu, Bwana Sulait, ametangaza mashindano. Watoto wa darasa la sita watagawanywa katika timu. Kila timu itafute tatizo moja la mtaa na kulimaliza. Kila timu ina mwalimu mlezi, na mimi nimepewa ya kwanza. Timu bora itakwenda Jinja kuonyesha kazi yake jukwaani, pamoja na mlezi wake. Jinja! Nyumbani kwa mama!

Hapa kuna jambo dogo. Krismasi nilimwambia mama kwamba mimi ndiye mkuu wa miradi ya shule zote za Mbale. Sikudanganya. Niliutangulia ukweli tu. Mama akawatangazia majirani wote wa Walukuba, na sasa kila akipiga simu anauliza ni lini watamwona mwanawe jukwaani. Kwa hiyo lazima nishinde. Nisiposhinda, mama atawaangaliaje wale wanawake?

Kikwazo ni kimoja. Madam Janepher, mlezi wa timu ya pili. Mzaliwa wa hapa, anajua kila ukoo, na kazi zake huzipanga kimya kimya. Mtu anayepanga kimya kimya simwamini.

Jumanne, 21 Julai

Timu yangu imekutana. Kiongozi wao ni Daphine, msichana mwembamba anayesema kweli hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Nikawapendekezea tujenge lango kubwa la kuingilia Namakwekwe, mtaa wa shule yetu, lenye maandishi, na labda picha ya mlezi. Wakapiga kura. Lango likapata kura moja, yangu.

Wamechagua mfereji. Ule unaopita nyuma ya vibanda, uliojaa maganda ya ndizi na mifuko. Mvua ikinyesha maji yanaingia kibandani kwa Bi Nulu, mkaanga chapati, na kuzima jiko lake. Daphine anasema bibi yule hupoteza unga kila wiki. Kweli, inasikitisha. Lakini mfereji, jamani! Nani atapiga picha na mfereji?

Jioni nikapita karibu na darasa la Madam Janepher, kwa bahati tu, nikainama chini ya dirisha kufunga kamba ya kiatu. Nimesikia yote. Timu yake itatengeneza vidumu vya kunawia mikono karibu na vyoo, vile vinavyoning'inia kwa kamba ukikanyaga kijiti maji yanamwagika. Watahitaji jerikeni kuukuu nyingi.

Nimepata wazo. Kesho nitazimaliza jerikeni kuukuu zote za mtaa.

Jumatano, 22 Julai

Nimezimaliza! Chumba kimejaa mpaka dirishani. Nyingine zilikuwa za mafuta ya taa, nyingine za pombe. Ninalala katikati yake, kichwa kinauma, lakini moyo una raha. Mama Sharifah amechungulia akaniuliza kama nimeanza kuuza waragi. Nikamwambia ni siri ya kikazi. Akasema basi na yeye anataka chupa moja ya siri hiyo.

Ijumaa, 24 Julai

Aibu ya asubuhi. Madam Janepher alinijia kwa unyenyekevu mbele ya walimu wote. Akasema watoto wake wamezunguka mtaa mzima na kila nyumba inawaambia jerikeni zimechukuliwa na Mwalimu Conrad. Akashukuru kwamba mwalimu wa timu nyingine amewakusanyia vifaa bila hata kuombwa. Bwana Sulait akanisimamisha mstarini, shule nzima ikanipigia makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha timu yake ikaja Malukhu na mkokoteni wakabeba zote.

Mchana tukaenda mferejini. Watoto wanachimba vizuri, lakini watu wazima wamekaa vibarazani wanatazama. Mmoja alitupa maganda mbele ya jembe la Daphine. Daphine anataka tupite nyumba kwa nyumba tuwaombe kwa adabu. Nikamwambia mtoto wangu, watu hawatoki nyumbani kwa adabu. Watu hutoka kwa ngoma.

Na huu ni mwaka wa imbalu! Vijana wa Kimasaba watakaotahiriwa mwezi ujao wanacheza barabarani tangu wiki iliyopita, na ngoma za kadodi zikipita hakuna anayebaki jikoni. Nimeongea na Matia, kiongozi wa wapiga kadodi. Watakuja kesho saa nne mpaka mferejini. Matia akaniuliza kijana anayetahiriwa ni nani. Nikamwambia asihofu. Akanitazama sana.

Madam Janepher naye amesikia. Akaniuliza hivyo hivyo, nani anatahiriwa. Akanionya kwamba mwaka huu ngoma ile haipigwi bure, lazima iwe na mwenyewe. Wivu huo. Nilimhurumia.

Jumamosi, 25 Julai

Naandika nikiwa chini ya kitanda. 

Asubuhi ilianza vizuri. Nilipika uji mzito wa unga wa mahindi uwe gundi ya kubandikia matangazo yetu: "Mfereji Safi, Mtaa Safi". Nikabeba sufuria kichwani, na mfuko wa unga uliobaki begani, na filimbi shingoni ya kuwaongoza watoto. Kwenye kona ya vibanda nikajikwaa kwenye mlundo wa tope la Daphine. Gundi yote usoni. Unga wote juu ya gundi. Nikasimama mweupe kuanzia nywele mpaka mkanda.

Wakati huo huo Matia akatokea na kadodi. Mtaa mzima nyuma yake, kama nilivyosema! Nikasahau unga wangu kwa furaha. Nikapuliza filimbi, nikaruka mbele ya ngoma, nikainua mikono yote miwili niwaonyeshe mfereji.

Sasa, mimi ni Msoga, kwetu hakuna imbalu. Hakuna aliyenieleza, au labda walinieleza sikusikiliza, kwamba kijana wa imbalu hupakwa unga mwili mzima, hupuliza filimbi, hutangulia mbele ya ngoma na kurusha mikono juu. Watu wakapiga vigelegele. Mwanamke mmoja akanivisha shanga zake. Mwingine akanikabidhi kuku. Nikapokea. Nilidhani ni mchango wa mfereji.

Mzee mmoja mwenye fimbo akanishika kiwiko, akauliza mimi ni mtoto wa ukoo gani. Daphine akataka kunisaidia. Akamwambia mzee kwamba huyu ni mwalimu wetu, anatoka Jinja, hapa hana ndugu hata mmoja.

Mzee akafikiri kidogo, kisha akasema kwa upole:

"Kama hapa hana ndugu, basi sisi ndio ndugu zake."

Umati ukalia kwa furaha. Hapo nikaelewa. Nikaanza kueleza, lakini kadodi hairuhusu maelezo. Nikaruka pembeni nikimbie. Nikatumbukia mferejini! Nikatoka nimejaa tope mpaka masikioni.

Ngoma zikabadilika mdundo. Watu wakanyamaza kwa heshima. Bi Nulu, ambaye ni Mmasaba halisi, alishika mdomo. Baadaye ndiyo nimejua kwa nini. Unga hupakwa siku za kucheza. Tope hupakwa siku yenyewe, mwisho kabisa. Baada ya tope hakuna sherehe nyingine iliyobaki isipokuwa kisu.

Nilikimbia. Sijui nilipitia wapi. Kuku ninaye bado.

Jumapili, 26 Julai

Mama Sharifah ameniletea chai na habari. Anafurahi kupita kiasi. Ameniuliza kwa nini mtu mzima akimbie jambo dogo namna ile, au kuna sababu. Mambo yangu ya ndani siandiki hata kwa Kiswahili.

Habari zenyewe ni hizi. Nilipotoroka, wazee waliamua kunifuata Malukhu. Walikuwa wamekwisha kugeuka, Matia mbele na ngoma yake. Madam Janepher akasimama katikati ya njia. Alikuwa amekuja kuangalia vidumu vyake, akaona kila kitu. Hakusema kwamba mimi si kijana wa imbalu, maana nani angemwamini? Aliwaonyesha mfereji, akawaambia kwa Kimasaba, na Mama Sharifah ameyarudia maneno yake huku amesimama kama yeye:

"Mnataka kumpokea kijana wenu juu ya takataka hizi? Uwanja haufagiliwi kwanza?"

Wazee wakaona haya. Uwanja wa tohara lazima uwe safi, hilo hata mtoto anajua. Daphine akaanza kugawa majembe kabla hawajabadili mawazo. Alimpa hata mzee mwenye fimbo. Kadodi ikapigwa, watu wakachimba kwa mdundo, na jua lilipotua mfereji ulikuwa wazi kutoka vibandani mpaka barabara kuu. Wote wakachoka, wakaenda kulala. Hakuna aliyekuja Malukhu.

Kwa hiyo mpango wangu umefanikiwa kabisa! Nilisema ngoma itawatoa, na iliwatoa. Nashangaa kwamba hakuna aliyenipongeza.

Kuku nimempelekea Bi Nulu, kupitia mlango wa nyuma. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha amenipa chapati nne na kunishika mkono muda mrefu.

Jumatano, 29 Julai

Mwamuzi amekuja kutoka Jinja. Bi Kokila, wa familia yenye kiwanda kidogo cha sabuni. Ndio wanaolipia mashindano. Nilikuwa nimetayarisha hotuba na ramani. Hakuitazama ramani. Alivua viatu vyake vizuri, akaomba ndala za Bi Nulu, akatembea mfereji wote. Usiku wa jana mvua ilikuwa imenyesha kweli kweli, na jiko la Bi Nulu lilikuwa linawaka.

Akaenda kuona vidumu vya Madam Janepher. Watoto wa darasa la kwanza wamepanga foleni kunawa, wengine hata hawajaenda chooni, wanataka tu kukanyaga kijiti. Vizuri sana. Vizuri kupita nilivyotaka.

Kisha akamuuliza Daphine mliwezaje kuwatoa watu wazima. Nilikohoa. Nilikohoa tena kwa nguvu. Daphine akaeleza yote, unga, shanga, kuku, tope, hata namna nilivyoruka ua wa mkaguzi wa afya. Bi Kokila alivua miwani akafuta macho.

Tumeshinda! Bwana Sulait ameongeza kwamba Madam Janepher naye asafiri, kwa ajili ya kuwaangalia wasichana. Nimekubali. Sina kinyongo na mtu aliyeshindwa.

Jumamosi, 1 Agosti

Jinja. Mama alikuja na majirani wote, wamevaa magomesi kama wanakwenda harusini, wakachukua safu ya mbele. Nilikaa kando ya jukwaa nimeshika hotuba.

Hotuba haikuhitajika. Daphine alitangaza kwamba timu itaonyesha kazi kwa mchezo wa kuigiza. Mimi sikuambiwa. Walikuwa wamefanya mazoezi nyuma ya vyoo, na aliyewafundisha, nimegundua leo, ni Madam Janepher. Mvulana mmoja akatoka amepakwa unga, amevaa koti kama langu, akapuliza filimbi. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Alipokimbia huku kuku yuko kwapani, hata dereva wetu aliyesimama mlangoni alilia.

Nikaenda kwa mama haraka. Nikamwambia yule mwalimu wa kwenye mchezo ni wa shule nyingine, mtu wa ajabu kidogo, simfahamu vizuri.

Mama akanishika shavu mbele ya majirani zake.

"Nimekujua kwa magoti," akasema. "Wewe kama baba yako, unakimbia magoti juu. Na ukuu wa miradi niliujua tangu Krismasi, mwanangu. Mkuu gani anakuja na begi la kuazima?"

 Akawageukia wenzake akawaambia kwamba huyu ndiye mtoto wake, mtaa mzima wa Mbale ulimfuata, na mfereji ukachimbika. Wakanipigia vigelegele wale wanawake wa Walukuba. Kusema kweli nililia kidogo. Sijapata siku nzuri kama hii.

Tulipokula wali nikamwambia kwamba mwakani nitakuwa mwalimu mkuu.

Jumapili, 2 Agosti

Tuko njiani kurudi. Gari limesimama Iganga, watoto wanakula gonja, zile ndizi za kuchoma. Kikombe cha ushindi tulichopewa Jinja ninakishika mwenyewe. Daphine aliomba akibebe, lakini mtoto anaweza kukiangusha.

Nimewaza. Timu iliyoshinda haiwezi kuingia Namakwekwe kimya kimya kama wezi. Watu lazima watoke. Nimempigia simu Matia aje na kadodi atusubiri kwenye vibanda. Mimi nitashuka wa kwanza, na kikombe juu kwa mikono miwili, filimbi mdomoni. Safari hii sina unga, kwa hiyo hakuna hatari yoyote. Nimevaa kanzu nyeupe tu.

Matia amefurahi sana. Amesema wazee walikuwa wanauliza habari zangu kila siku, na atawajulisha wote saa hii hii. Watu wema.

Nimemwambia Madam Janepher. Amenitazama, akatazama kanzu, akaniuliza kama nimebeba viatu vya kukimbilia. Wivu ni ugonjwa.