Alama ya Matope Ukutani

Leo nimejiaibisha mbele ya soko zima, na aliyenishauri namtaja: Moraa wa mitumba.

Mnajua mimi hushona nguo kibanda cha chini, hapa Kisii mjini. Mwaka jana maji yaliniingilia hadi magotini. Yakaua cherehani moja na sare za kwaya nzima. Zamani maji hayo yalipita mtaroni, mpaka Onsare akajenga gorofa juu ya mtaro. Onsare, ukisoma hii, ndiyo, ni wewe.

Juzi tukaambiwa wataalamu wanakuja kuangalia mvua hizi za siku hizi zitaumiza soko namna gani, na lijengwe vipi lisizame. Kila mtu aonyeshe maji yalifika wapi. Moraa akaniambia, "Magoti ni kitu gani? Kila mtu atasema magoti. Weka kifua, watakuonea huruma."

Nikaweka kifua. (Niliachia darasa la tano, lakini kwa matope mimi ni profesa.) Asubuhi nikachota matope, nikapaka mstari ukutani kwa sponji, umenyooka kama pindo.

Saa nne akaja mmoja wa wataalamu, kijana aliyevaa gambuti, na futi ya kupimia kama yangu. Akapima. Akapima tena. Akaniangalia kwa huruma kweli, nikaona Moraa ana akili.

"Pole sana, mama. Vibanda vya magoti tutainua sakafu. Lakini maji yakipita kiuno, hapo hapafai mtu. Hiki tutabomoa, pawe njia ya maji."

Watoto wangu watatu wanakula kutoka hapo.

"Ni magoti," nikasema.

"Na huu mstari?"

Nikaufuta kwa leso. Ukatoka wote. Kijana akagusa ukuta, akaangalia kidole chake.

"Mama, mafuriko ya mwaka jana bado hayajakauka?"

Soko likaangua kicheko. Moraa ndiye aliyecheka wa kwanza. Mimi naapa ni magoti, naonyesha magoti yangu mwenyewe, sketi juu, mbele ya mzee wa kanisa.

"Sasa niamini lipi?" kijana akauliza. Akaandika kwa kibanda changu: haijulikani. Akaenda kwa Moraa. Moraa akasema magoti. Yeye atainuliwa sakafu.

Sasa ni saa tisa, mawingu yamejaa upande wa Nyanchwa, na mimi napandisha cherehani iliyobaki juu ya meza. Anayetaka kucheka aje acheke akiwa ameshika upande mmoja.