Mtihani wa Furaha

Idara ya Elimu ya wilaya ilitangaza kwa vipaza sauti kwamba wanafunzi wote wa sekondari watapimwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni, na kwamba matokeo yameshaamuliwa: hakuna mgonjwa. Darasa litakalofanya vizuri litapewa bendera nyekundu ya kutundika mlangoni.

Shule ikaona mtihani ni mtihani. Yakaanzishwa masomo ya ziada ya furaha, alfajiri na baada ya chakula cha jioni. Usingizi ukapunguzwa, ili watoto wapate muda wa kukariri kwamba wanalala vizuri.

Bibi Kuang aliufurahia mpango huo wa kupima. Wazazi wa mjukuu wake, Yanqiu, wako mbali, kiwandani katika mji wa Dongguan, na tangu baridi ianze mtoto hali wala halali. Hata maandazi ya mvuke yenye nyama anayatazama tu. Bibi akamfuata Mwalimu Tao wa darasa la mjukuu.

"Mwalimu, huyu wangu msimpime. Mpelekeni hospitali moja kwa moja."

"Bibi, usituharibie bendera. Jana kwenye jaribio Yanqiu kapata mia kwa mia. Darasa zima hakuna mwenye furaha kama yeye."

"Mbona analia?"

"Analia nje ya vipindi. Hilo halimo kwenye mtaala."

Siku ya kupimwa, Mkurugenzi Pang wa Idara alifika na wageni wa mkoani. Kwa kuwa kiongozi ni mfano, akaketi jukwaani ajibu yeye kwanza, mbele ya watoto na walezi. Kasoro ilikuwa moja tu: hakuna aliyethubutu kumpa masomo ya ziada.

"Wiki mbili hizi, umekosa usingizi?" akasoma Mwalimu Tao.

"Nikifumba macho," akasema Mkurugenzi, "naona takwimu."

"Umejiona hufai kitu?"

"Kila Jumatatu. Kikaoni." Kisha akalia, kwa utulivu unaolingana na cheo chake.

Yanqiu akamwonea huruma. "Mjomba Mkurugenzi, jibu ni 'hata siku moja'. Yote ni hivyo hivyo. Mimi pia silali, lakini nimekariri."

Wageni wakafungua kanuni, aliyoiandika Mkurugenzi mwenyewe akiamini haitatumika: atakayegundulika kuwa mgonjwa apelekwe hospitali ya mkoa saa hiyo hiyo, pamoja na mlezi wake. Gari la Idara likaletwa, Mkurugenzi akapandishwa. Bibi Kuang akamwingiza Yanqiu, kisha naye mwenyewe akapanda.

"We bibi, ni nani?" dereva akafoka.

"Mlezi."

"Wa nani?"

"Wa hawa wawili. Washa gari. Na wewe Pang, sogea huko, mtoto apate pa kukaa."

Mkurugenzi akasogea.