Mikono ya Karani Gunzi

Jumatatu, 2 Septemba

Kui amepiga simu! Binti wa marehemu Gachanja, mwenye studio iliyotengeneza kipindi cha Karani Gunzi. Kanda zote amerithi yeye, na haki zake. Anatoa vipindi upya, kwa DVD na kwa flashi. Uzinduzi ni tarehe ishirini na moja, ukumbi wa kanisa, Shauri Moyo. Jina langu litakuwa kwenye kava.

Nililia kidogo. Sioni haya. Tangu nihamie Komarock nimewaambia watu kwamba mimi ndiye nilikuwa mikono ya Karani Gunzi, yule kikaragosi wa kudai kodi ya nyumba za kaunsili. Hakuna anayeamini. Hata binti yangu Whitney hunijibu "sawa, baba" kama anayemtuliza mgonjwa. Sasa wataona. Ilikuwa mikono yangu halisi, bila glavu, imepenyezwa kwenye koti la karani. Kovu la kidole gumba linaonekana wazi.

Jumatano, 4 Septemba

Picha ya kava imefika. Tobias yuko juu, kwa herufi nene! Mimi niko chini: "Mikono: J. Opiyo." Hata Jackton wamenikatia.

Tobias alikuwa kichwa na sauti. Miaka sita nilisimama nyuma yake, pua yangu kwapani mwake, na maji hakuyapenda. Yeye alifungua na kufunga mdomo tu. Nani aligonga milango ya wapangaji? Nani alijikuna kisogo? Watoto walikuwa wakingoja kule kujikuna!

Mke wangu Apondi anasema nishukuru Mungu, jina ni jina. Mama Whitney hajui sheria.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeshinda saiba, duka la kompyuta la Matheka, anayewaandikia watu barua za madai. Aliuliza kama niliwahi kutia sahihi mkataba wowote. Sijawahi. Akasema basi, mwili wa mtu ni mali yake.

Tumeandika kwamba mikono inayoonekana kwenye Karani Gunzi, pamoja na jina la mwenye mikono, ni mali ya Jackton Opiyo, na visionyeshwe popote bila idhini yake ya maandishi. Matheka akaongeza "kwa namna yoyote ile". Nimeyapenda sana maneno hayo. Idhini nitatoa jina langu likipanda juu ya la Tobias. Bila mikono hakuna karani. Kui atakuja kwa magoti.

Jumanne, 10 Septemba

Kui amepiga simu. Sauti ya chini, ya mtu aliyeshindwa. Kava zimeshachapishwa, anasema, kwa hivyo majina hayawezi kubadilishana nafasi. Akaniuliza kwa upole kama kweli nakataa. Nikasema nakataa. Akasema pole mzee wangu, ataiheshimu barua.

Nilimwambia Mama Whitney tumeshinda. Akauliza kama Kui amekubali kuniweka juu. Mambo mengine hayasemwi kwa simu, nikamjibu. Nimepeleka suti kwa dobi na kuwaalika majirani wote wa korti yetu ya nyumba.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele na Whitney, majirani nyuma yangu. Wimbo ukapigwa, Karani Gunzi akatokea. Kichwa kilekile, masikio yaleyale. Na mikono? Ukungu! Mabaka mawili ya kijivu, kama yale ya kuficha nyuso za washukiwa kwenye taarifa ya habari. Alipiga meza kwa ukungu. Alijikuna kisogo kwa ukungu. Watoto walivunjika mbavu. Jirani yangu Nzau akauliza karani alikuwa na ugonjwa gani.

Kwenye kava, pale palipokuwa na jina langu, wamebandika stika nyeupe.

Whitney hakucheka. Alinishika mkono, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Mwishoni Tobias alinijia na bakora yake. Amezeeka vibaya. Nilijiandaa kwa matusi.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "walipokuwa wanakufuta nilikuwa pale, na nililia. Nilimwambia Kui hiyo mikono ndiyo ilikuwa karani, mimi nilikuwa mdomo tu. Lakini barua uliandika wewe."

Kui naye akaja. Alisema watatoa toleo la pili mwezi ujao, na mikono itarudi, na jina pia, nikimwandikia mstari mmoja tu wa kukubali.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda kanisani. Mama Whitney kabla ya kutoka aliniwekea karatasi na kalamu mezani. Nikajua anataka nini. Hata nikaandika "Mpendwa Kui".

Kisha nikachomeka flashi niliyopata jana ukumbini, nitazame mara moja tu. Nikatazama tena. Nikaona jambo ambalo hakuna aliyeliona! Ukungu ule hautembei wenyewe. Nikiinua mkono, unainuka. Nikijikuna, unajikuna. Kila unachofanya ni kazi yangu, wamenifuata hatua kwa hatua bila hata kuniuliza. Huo ni wizi, tena mbele ya kanisa zima.

Nimegeuza karatasi na kuandika upande wa pili. Ukungu wote ulio kwenye Karani Gunzi, mkubwa na mdogo, ni mali ya Jackton Opiyo, na usionyeshwe popote bila idhini yake, kwa namna yoyote ile. Kesho Matheka akifungua tu, niko mlangoni. Wauondoe na huo, tuone watabaki na nini.