Mkwe Wangu Anaikana Meli Yangu

Dodoma, 9 Novemba 1914

Kwa Bwana Akida mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walioko barazani kwako. Mimi ni Elieza wa Masima, wa Miyuji, na nina malalamiko juu ya Mzee Matonya, baba wa mchumba wangu Yudith. Jumatatu iliyopita alinirudishia ng'ombe wangu wote wa mahari, mchana kweupe, akiwaswaga kupita mbele ya stesheni ili kila mtu aone. Eti mimi ni mwongo, na binti yake haolewi na mwongo. Bwana, imeniuma sana!

Uongo wenyewe ni utumishi wangu katika meli ya vita ya Wadachi iitwayo Gertruda, nilikomenya viazi miaka mitatu. Gertruda ni mama wa meli ndogo zinazopiga mbizi. Yenyewe haizami. Inakaa bandarini, inazipa mafuta, mikate na baruti, na zikiharibika inazitengeneza. Sasa tazama ninavyodhulumiwa:

1. Mzee Matonya anasema meli iliyozama imezama, na waliomo wawekewe matanga. Nilimweleza kwamba hizi huzama kwa kusudi na jioni hurudi. Akauliza nani anazichunga. Nikamjibu, mama yao. Alicheka mpaka akashika ukuta.

2. Nilimweleza kwamba Gertruda iliundwa mwaka 1899 kwa kubeba ng'ombe. Hapo aliniamini kidogo, maana ng'ombe anawajua. Nilipoongeza kwamba baadaye mazizi yaligeuzwa vyumba vya mabaharia, aliondoka bila kuaga.

3. Mwaka 1910 jiko la meli lilishika moto, nikauzima kwa supu. Anasema supu haizimi moto. Je, amewahi kujaribu?

4. Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tatu, na kanisa zima linamwamini. Mimi nilikuwa juu ya maji, na viazi vyangu, nanyimwa mke! Jana mwalimu Bartolomayo alipohubiri habari hiyo, waumini wote waligeuka kunitazama mimi.

Kwa hiyo naomba Mzee Matonya aitwe barazani, aape mbele ya watu kwamba Gertruda ipo. Nami niandikiwe cheti chenye mhuri wa boma kwamba ni baharia wa vita, fundi wa meli za chini ya maji. Asiyekubali afungwe mpaka akubali.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, karani Abbasi na askari wote, hata yule mwenye jino moja.

Ni mimi mtumishi wako niliyeonewa,
Elieza wa Masima, Baharia

Nyongeza: Loo! Sasa hivi imepigwa mbiu kwamba kila aliyewahi kutumika melini apande treni ya kesho kwenda pwani, vitani. Mzee Matonya amekwisha kukimbilia huko bomani kuapa kwamba aliniamini tangu siku ya kwanza. Bwana Akida, usimsikilize! Mimi ni mwongo. Sijavuka Morogoro. Habari za Gertruda nilisimuliwa na mpishi mmoja ndani ya treni, na ya supu niliitia mwenyewe. Cheti bado nakiomba, ila kiandikwe kwamba ni mwongo, kwa mhuri mkubwa. Shahidi ninaye: Yudith yuko hapa mlangoni, anasema ataapa popote kwamba mimi ni mwongo, na kwamba ataolewa nami hivyohivyo.