Bata Mzinga wa Puge

Jumanne, 2 Desemba 2025

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha. Sasa nina muda wa kumchunguza shemeji Majidi.

Ninayoyajua mpaka leo. Ametoka Kasongo, Kongo. Anasema babu wa babu yake alipita hapa Tabora na misafara, kabeba pembe begani. Nani atathibitisha? Anachonga mizinga ya nyuki hapa Cheyo. Ni mizuri, lakini hata tapeli anaweza kujua useremala. Alimuoa dada Najiat mwezi uliopita. Kibali chake cha kuishi nchini kinaisha mwezi huu. Mwezi uliopita, mwezi huu. Nimepigia mstari.

Dada ndiye anayenisemea dukani, zahanati, kila mahali. Mimi mbele ya mtu nisiyemzoea sauti hunikauka. Siwezi kumwacha achukuliwe na mtu aliyefuata makaratasi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemuuliza baba mdogo Idrisa, anayewajazia watu fomu karibu na mahakama. Amesema mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni akimuoa Mtanzania hapati uraia kwa kuoa. Majidi ataomba kibali cha ukaazi tu, na kikiisha ataomba tena.

Baba mdogo alidhani hapo nitatulia. Sikutulia. Kama uraia hapati, kaoa kwa nini?

Ijumaa, 5 Desemba

Majidi alikwenda kuswali, akaacha daftari la bluu juu ya meza ya kazi. Nililifungua nione ni la nani. (Nilijua ni lake.) Ndani: majina matatu ya Bibi, anayetulea. Tarehe aliyozaliwa dada. “Chai, vijiko vitatu.” “Kovu, goti la kushoto. Uliza.”

Jasusi kamili.

Akanikuta nalo mkononi. Hakukasirika, jambo ambalo nalo nimeliandika. Akasema Jumatatu wanaitwa uhamiaji, kila mmoja ataulizwa peke yake habari za mwenzake. Dada amekataa kukariri naye, eti mume wa kweli hakariri. Je, mimi shemeji ningemsaidia? Lile kovu lilitokana na nini?

Mpango ulinijia mzima mzima. Nikamwambia, huku nikitazama vidole vya miguu yangu, kwamba dada alidonolewa na bata mzinga huko Puge. (Alianguka na baiskeli ya mjomba Jilala.) Nikaongeza kwamba matobolwa hayagusi. (Viazi hivyo vikishachemshwa na kuanikwa, dada humaliza bakuli zima na karanga juu.) Akaandika yote. Akasema “aksanti, shemeji.”

Mume wa kweli angejua. Huyu atanaswa, atarudi Kasongo peke yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Wamerudi. Dada mbele, Majidi nyuma kama hatua ishirini.

Afisa, Bi Kashindye, aliuliza habari za kovu. Dada akajibu baiskeli. Majidi akajibu bata mzinga, na akaonyesha kwa mkono urefu wake. Kwenye chakula mambo yakawa yale yale. Ombi limesimama. Warudi Jumatano na ndugu wa karibu.

Nilifurahi kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Kisha nikamsikia dada akimwambia Bibi kwamba kibali kikikataliwa atafungasha na yeye. Treni mpaka Kigoma, wavuke ziwa, wakaishi Kasongo. Bibi akamuuliza, hata na mume asiyejua goti lako? Dada akasema goti atajifunza.

Hili la kuondoka wote wawili sikulipigia hesabu.

Sikula. Majidi naye hakula. Alikaa kwenye vumbi la mbao akilisoma daftari lake, kama vile kosa liko kwenye mwandiko.

Jumatano, 10 Desemba

Nilikwenda na Bibi. Nilikuwa nimeandika ungamo langu kwenye karatasi ili nisiseme neno. Jasho la kiganja likaligeuza ungamo kuwa wino mtupu. Bi Kashindye akasubiri. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Mwishowe nikasema kwamba bata mzinga ni mimi.

Akaweka kalamu chini.

Bibi akafafanua kwa niaba yangu. Akasema huyu ni mdogo wa mke, na Majidi ni shemeji yake, kwa hiyo ni mtani wake. Kwetu shemeji mgeni lazima achezewe. Marehemu mume wake mwenyewe alipewa na wadogo wa Bibi uji uliotiwa majivu, akaumaliza, akausifia, na waliishi miaka arobaini.

Bi Kashindye alicheka mpaka akavua miwani. Akasema wanaooana kwa ajili ya makaratasi hujibu sawasawa kama kwaya. Mume wa bandia hana shemeji wa kumhangaisha, maana hakuna anayemtania mtu asiye wa kwao. Akaandika mistari miwili, akagonga muhuri. Akaniambia nisirudie. Nikaahidi.

Sikumwambia kwamba sikuwa natania.

Jumamosi, 20 Desemba

Kibali kimetoka. Dada anabaki Cheyo. Asubuhi ameninunulia chumvi bila mimi kufungua mdomo, na nusura nilie pale pale dukani.

Majidi hakunisema hata kidogo. Amenichongea kisanduku cha mninga cha kutunzia shajara hii, kina kufuli, akanikabidhi funguo mbili.

Kufuli jipya huja na funguo tatu.

Mchana akaniita pembeni na daftari lake la bluu. Anataka kumshukuru Bibi kwa yale ya uhamiaji. Akaniuliza Bibi anapenda zawadi gani.

Nimemwambia bata mzinga, mkubwa, awe hai. Ameandika.