Ombi la Kuufunga Mto Kabla Mume Wangu Hajafika

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Mto,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maji yako yanatiririka salama. Mimi ni fundi cherehani, mke wa kinyozi. Mume wangu alisikia redioni sifa za mto wako na samaki wake waitwao trauti, na tangu hapo hatuna amani. Hajawahi kuvua hata dagaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anafanya mazoezi ya kurusha ndoana sebuleni. Mama mkwe alikuwa ametulia na chai yake, mara ndoana ikanasa kilemba chake, kikaruka hadi kwenye feni. Badala ya kumwomba mama yake radhi, akashangilia: "Mmeona nilivyolenga?"

2. Kaambiwa trauti hudanganywa kwa vinyoya vilivyofungwa mfano wa nzi. Nzi hao anawatengeneza kwa nywele za wateja. Mwalimu mkuu aliingia kupunguza ndevu kidogo tu, akatoka kidevu kitupu, kwa sababu ndevu zake zina wekundu ambao, eti, samaki wanaupenda.

3. Dukani hataki maongezi, eti anajizoeza ukimya wa mtoni. Mheshimiwa, kinyozi asiyeongea nani atamwendea? Wateja wanadhani tumefiwa.

4. Safari kaipanga siku ya harusi ya binti yetu. Baba wa bwana harusi alipokuja kuuliza, alijibiwa: "Ndoa ipo tu, bwana. Trauti hawangoji mtu." Binti analia, na gauni lake ninalo mezani, halina hata mikono.

Simlaumu mume wangu. Kosa ni la mto kuwa na sifa. Kwa heshima zote naomba uufunge, au walau utangaze kwamba umekauka. Ikishindikana, wahamishe samaki kwa muda.

Wasalimie wote ofisini na nyumbani, pamoja na walinzi wa kingo zote mbili.

Wako mtiifu, niliyechoka,
Mke wa Kinyozi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu kasikia kwamba maji yako ni baridi kama barafu, na mvuvi huingia mpaka kiunoni. Kaghairi. Harusini atakuwepo. Basi jana, kwa hasira ya usumbufu wote ule, nikaichukua fimbo yake ya kuvulia nikaenda kuitupa kwenye bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali. Nikasema ngoja nijaribu mara moja tu. Kitu kikavuta! Kilikuwa kisamaki cha ukubwa wa kiganja, nikakirudisha majini, lakini mpaka leo nashindwa kutunga uzi kwenye sindano kwa furaha. Tafadhali, mto usiufunge. Harusi ikiisha tu nakuja mwenyewe, na mama mkwe kasema nisithubutu kumwacha.