Vidonge Nilivyomeza kwa Maneno Tu

Jumatatu, 4 Septemba 1989

Hospitalini tena. Basi la alfajiri kutoka Matinyani hadi upande wa Makueni, ingawa Kitui mjini kuna hospitali nzuri. Sababu ni moja. Kitui nimewafundisha nusu ya wauguzi. Binti uliyemchapa kwa kushindwa hesabu za sehemu huwezi kumvulia suruali.

Daktari Waringa ana umri wa kitindamimba wangu. Mpole. Hutaja viungo vya mwili bila kupepesa macho. Mimi ndiye niliyetazama dari. Amesema ule ugonjwa wa tezi dume uliotulia mwezi Machi umeamka. Damu inasema hivyo. Picha ya mifupa inasema hivyo pia: madoa mapya kwenye uti wa mgongo. Basi maumivu haya ya kiuno hayakutokana na jembe, kama nilivyokuwa nikiueleza umma kwa ufasaha mkubwa.

Akauliza: Je, vidonge ulivimeza vyote, viwili kila siku?

Nikamjibu kwamba mtu aliyekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili anajua maana ya ratiba. Jibu zuri. Halina ndiyo wala hapana. Akaandika ndiyo.

Ukweli, kwa kuwa hapa hapana anayesikia: tangu Aprili nimekuwa nikimeza kimoja, na siku nyingine simezi kabisa. Vidonge vile huotesha matiti. Matiti! Mimi, mzee wa kanisa! Miezi mitano nimevaa koti katika joto la Ukambani na kusema ni desturi ya waliosoma.

Daktari akanieleza njia zilizobaki. Ugonjwa hulishwa na homoni ya kiume, na vidonge kazi yao ilikuwa kuunyima chakula. Ikiwa nilivimeza vyote na bado umeamka, basi umejifunza kuishi na njaa. Kunipasua na kutoa korodani hakutanifaa sana, na tumaini ni mashine ya miale kule Nairobi, ambako foleni ni ndefu. Ikiwa sikuvimeza vyote, upasuaji una nguvu, na utafanyika hapahapa wiki hii. Akasema jibu langu ndilo ramani yake. Nirudi Ijumaa na mke wangu na mkebe wa vidonge. Miguu ikilegea hata kidogo, nije siku hiyo hiyo, la sivyo huenda nisitembee tena.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Dakika nzima. Nikamsifu kwa Kiswahili chake.

Nje, kwenye benchi la wagonjwa wa daktari huyo huyo, nani? Ndolo! Mshindani wangu kanisani, na zaidi ya hayo ni muthoni wangu: binti yake Nzilani ameolewa na mwanangu Muli. Watu walioozana watoto hawatajiani jambo lolote lililo chini ya mshipi. Ndivyo tulivyolelewa. Akasema amemsindikiza jirani. Nikasema nimekuja kumwamkia mwanafunzi wangu wa zamani. Hapakuwa na jirani wala mwanafunzi. Tukakaa bega kwa bega tukisoma bango la akina mama wanyonyeshao, kwa makini sana.

Jumanne, 5 Septemba

Nimemwambia mke wangu Syombua kwamba daktari ameridhika na anamsalimu. Akasema salamu hizo zimefika na sura mbaya.

Tatizo langu halisi ni la Jumapili. Kanisa letu linatimiza miaka thelathini, na mnenaji mkuu ni mimi. Mchungaji Evanson anataka nirudie ule ushuhuda wa Machi, damu ilipopimwa ikaonekana shwari. Siku ile nilisema nimepona. Kisha nikasema nimepona kabisa. Hilo "kabisa" halikuwa katika karatasi. Nililiongeza papo hapo kwa ajili ya mdundo. Kina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba mara tatu. Sasa nani ataweza kusimama mbele ya watu wale wale na kuliondoa neno moja?

Mpango: niwe mzima hadi Jumapili jioni. Baada ya hapo niko tayari kuugua kwa mujibu wa taratibu.

Ndolo alipewa dakika za kunena mwaka jana. Alitumia nne. Watu walishangilia. Ufupi, nadhani.

Jumatano, 6 Septemba

Mkebe. Daktari atauhesabu. Unapaswa kuwa karibu mtupu, na umejaa hadi shingoni. Nimetafakari kwa kina na kuumwaga chooni.

Vilianguka kama mtama kwenye sinia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kila viwili vilikuwa siku moja ya kuuzuia ugonjwa huu, na nimezitupa kwa sababu ya jinsi shati lilivyonikaa kifuani. Sikupenda mawazo hayo. Nikatoka.

Syombua alikuwa akichambua pojo mlangoni pa jiko. Akauliza kama nilikuwa nikimhutubia mtu kule. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekufa ganzi. Nimekifinya. Hakijibu.

Alhamisi, 7 Septemba

Ushindi! Au ndivyo nilivyoandika saa nne asubuhi. Naliacha neno hilo kama lilivyo.

Ndolo amekuja na mbuzi. Kilomita sita kwa miguu, beberu mweupe, kamba mkononi. Akakataa kukaa. Akasema, kofia kifuani: "Muthoni, huyu ni mbuzi wa kuvunja haya. Ninalo neno la chini ya mshipi, na bila mbuzi siwezi kulitamka mbele yako."

Nikamwelewa mara moja. Ameniona hospitalini. Atanitishia kunianika ili nimwachie mimbari ya Jumapili. Nikasimama, kwa maumivu lakini kwa heshima, nikamjibu kuhusu adabu ya walioozana, kuhusu wazee wetu, kuhusu mambo ambayo mbuzi hana uwezo wa kuyafungua. Dakika ishirini. Sijawahi kunena vizuri hivyo mbele ya hadhira ya mtu mmoja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, nyumba yako ikiungua, jirani atasubiri umalize hotuba ndipo akuambie." Akamvuta mbuzi wake akaondoka. Yule beberu alilia njia nzima, hadi wakapinda kwenye minyaa.

Syombua akanena kutoka jikoni kwamba mtu ametembea kilomita sita na mbuzi, nami sikumpa hata kikombe cha maji, na kwamba mbuzi wa haya haletwi na adui. Nikamwambia hafahamu siasa za kanisa.

Sasa ni jioni na nalifikiria lile neno ambalo hakulisema. Lilikuwa lipi? Nimelizuia vizuri mno.

Ijumaa, 8 Septemba

Leo ndiyo siku ya kurudi kwa daktari pamoja na mke. Sikwenda. Nimempa kondakta wa basi barua ampelekee Daktari Waringa: kwamba shughuli za umma zimenizuia, kwamba nitafika wiki ijayo, kwamba hali ni ya kuridhisha. Barua ya kurasa mbili. Haina kosa hata moja la tahajia.

Nimejikwaa kizingitini. Nikamwambia Syombua ni kandambili. Nikavaa viatu. Nikajikwaa na viatu. Nikamwambia ni kizingiti. Akakitazama kizingiti, ambacho tumekiruka pamoja tangu mwaka wa uhuru, akanitazama mimi, akaingia ndani. Ilikuwa nafasi nyingine. Alisubiri kidogo karibu na pazia. Mimi nikakohoa na kuendelea kukariri utangulizi.

Jumapili, 10 Septemba

Naandika nikiwa nimelala chali. Mwandiko unisamehe.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Wageni kutoka Ikutha, wageni kutoka Kyuso, kwaya nne. Nilisimama mimbarani nikaanza: "Ndugu zangu, miaka thelathini si umri wa jengo, ni umri wa uaminifu." Vizuri sana. Nikafika kwenye ushuhuda. Nikasema, "Mimi niliyekuwa mgonjwa." Miguu ikaondoka.

Haikuuma. Iliondoka tu, kama wanafunzi wakisikia kengele. Nikashuka taratibu nimeshika mimbari, nikajikuta nimepiga magoti.

Na watu wale, Mungu awabariki, wakadhani ni unyenyekevu. Mchungaji Evanson akapiga magoti. Wazee wakapiga magoti. Kwaya nne zikapiga magoti. Kanisa zima likashuka, benchi kwa benchi, kimya kabisa, wakingoja niinuke ndipo nao wainuke. Sikuweza kuinuka. Wala sikuweza kusema. Nilikuwa na maneno ya dakika arobaini mfukoni, na hapakuwa na hata moja la kusema "nisaidieni." Ajuza mmoja akaanza kulia kwa kuguswa. Mwingine akasema kwa sauti kwamba haya ndiyo maombi, si yale ya kupiga kelele.

Mtu mmoja tu alisimama. Ndolo. Akapita kati ya magoti ya watu wote, akaja mimbarani, akanishika mshipi kwa mikono miwili. Muthoni wangu, mshipi wangu, mbele ya kanisa! Akaniinamia sikioni: "Vidonge vyangu niliwarushia kuku. Mwaka juzi nikakiri, nikakatwa, natembea. Neno la mbuzi ndilo hilo."

Kisha akaninyanyua kama gunia la mbaazi.

Jumatatu, 11 Septemba

Hospitalini, kwa gari la mchungaji. Daktari Waringa hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinichoma pini miguuni akiuliza wapi nahisi, na mara nyingi sikujua kama ameanza.

Akauliza tena swali lile. Vyote, viwili kila siku? Akasema sasa hakuna muda wa kukosea njia.

Nikaanza: "Kwa kuzingatia mazingira ya..."

Syombua akasema: "Kimoja. Siku nyingine hata hicho hamezi. Jumatano amemwaga vilivyobaki chooni. Daktari, mimi ndiye ninayefua mashati yake. Nilijua kifua kilipoota na nilijua kilipoanza kunywea."

Alijua. Miezi mitano. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe, ili asinivunjie heshima. Nikamtazama daktari akikata ndiyo yake ya juma lililopita kwa kalamu. Mstari mmoja. Akasema upasuaji leo adhuhuri, dawa ya kupunguza uvimbe mgongoni, kisha miale Nairobi. Kuhusu miguu, Jumatatu iliyopita angeniahidi. Leo atajaribu.

Jumatatu iliyopita. Neno la silabi tatu, "hapana". Nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza kuliandika.

Syombua alinishika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamshukuru kwa mchango wake.

Jumatano, 20 Septemba

Maumivu ya mifupa yamepungua zaidi ya nusu. Naona aibu kuandika jinsi nilivyoamka siku ya tatu na kugeuka kitandani bila kulia. Yangeweza kupungua tangu Aprili.

Mguu wa kulia unatii. Wa kushoto unaburuta. Daktari anasema huenda ukabaki hivyo. Nimeutazama leo kwa muda mrefu. Mguu uliopanda kilima cha Matinyani kila asubuhi miaka ishirini na miwili, nimeuuza kwa shati lililokaa vizuri.

Ndolo amekuja. Ameketi kitandani, si kwenye kiti. Kwa kuwa haya ilikwisha kuvunjika kanisani bila mbuzi, amesema yote: joto la ghafla litakalonijia usoni kama mama wa makamo, mbavu zitakavyonona, na namna ya kumwambia mke. Nikasema mke amekwisha kumwambia daktari. Akacheka hadi muuguzi akaja. "Sasa tuko sare, Mwalimu. Tukikosana kanisani, hakuna wa kumwambia mwenzake awe mwanamume."

Nimecheka nami. Baadaye, alipoondoka, sikucheka. Alhamisi ile alikuwa na haya yote mdomoni, pamoja na mbuzi.

Jumanne, 3 Oktoba

Nyumbani, na mkongojo. Barua ya Nairobi imefika: miale kuanzia tarehe kumi na sita. Daktari Waringa amesisitiza mbele yetu sote wawili kwamba hadi siku hiyo nimeze vidonge vya uvimbe, viwili kila siku bila kukosa. Nikivipunguza kwa ghafla, mguu uliobaki nao unaweza kuondoka. Nilimhakikishia kwamba nimebadilika, kwa maneno ambayo hata yeye aliyasifu.

Vidonge hivi ni vyema sana. Vina kasoro moja. Vinavimbisha uso. Leo kwenye kioo nimeona boga lililovaa miwani yangu. Na Jumamosi wazee wa kanisa wanapigwa picha ya ukumbusho, itakayotundikwa ukutani miaka thelathini mingine. Ndolo atasimama kando yangu, mwembamba.

Syombua sasa hunipa vidonge mwenyewe, hunisimamia hadi maji yaishe, kisha huniambia nifungue kinywa.

Nimegundua kwamba chini ya ulimi kuna nafasi.